Kwenda Peku Kuna Raha, Lakini Si Kazini

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Juba, kwa kawaida mwezi wa Aprili, udongo wetu mwekundu hugeuka uji. Ukitoka Gudele kwenda mjini na ndala zako, zile ambazo ndugu wa Kenya huziita malapa, matope huzishika kama mdai aliyekutafuta miezi mitatu. Unavuta mguu, mguu unakuja, ndala inabaki. Basi tunafanya kama tulivyofanya utotoni: tunavua, tunazibana kwapani, tunakwenda peku. Karibu na lango la kazi tunatafuta dimbwi lenye maji yaliyo afadhali kidogo, tunanawa, tunavaa, tunaingia na heshima zetu.

Hatuoni haya kusema kwamba kuna raha katika jambo hili. Asubuhi baada ya mvua ya usiku udongo huwa baridi na laini, nao hupanda katikati ya vidole kana kwamba unakusalimu. Jioni ukivua viatu chini ya mwembe, ukaweka nyayo juu ya uwanja uliofagiwa vizuri, uchovu wa siku nzima huanza kushuka wenyewe. Waliotoka Terekeka wanayajua majivu ya samadi katika kambi za ng'ombe, laini kama unga, ambayo mtoto huyakanyaga tangu anapojifunza kusimama. Na wale waliowahi kutazama mieleka ya Wamundari na Wadinka hapa mjini wameona jinsi mwanamieleka anavyoshika ardhi kwa vidole vya miguu kabla hajamshika mwenzake. Mwaka 2010 mtaalamu Daniel Lieberman wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliyewapima wakimbiaji wa Bonde la Ufa huko Kenya, alieleza kwamba mtu aliyezoea kukimbia peku aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, wala si kwa kisigino, na hivyo mshindo hupungua. Tulifurahi kusikia. Mama zetu hawakuhitaji Harvard.

Mikasa nayo ipo. Nani kati yetu hajajikwaa gizani ukucha wa kidole gumba ukang'oka? Nani hajakanyaga kifuniko cha chupa ya bia, au msafara wa siafu, akacheza ngoma isiyo na mpigaji? Mwenzetu mmoja aliacha ndala zake mlangoni penye matanga, akatoka na ndala mbili za mguu wa kushoto, moja ya bluu na moja nyekundu. Alizivaa wiki mbili akitembea kama anayetaka kupinda kona, kisha akazitupa akarudi kwenye miguu aliyopewa na Mungu. Hayo ni ya nyumbani. Mtu huchekwa, huchomolewa mwiba kwa pini, na maisha yanaendelea.

Lakini kuna peku ya namna nyingine, na hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tulikuwa vibarua katika ujenzi wa jengo moja hapa mjini. Jina la tajiri hatutalitaja. Tulikuwa zaidi ya thelathini, wabeba zege, wafunga nondo na wapandisha mbao, na wengi wetu tulifanya kazi kwa ndala au peku kabisa. Siku moja asubuhi zikaja gambuti jozi kumi na mbili, zote namba moja, kubwa kama ndoo. Tukaambiwa tugawane. Tukadhani mambo yamebadilika. Saa nne wakaja wageni wenye karatasi, wakazunguka, wakaandika, wakaondoka. Saa kumi na moja nyapara akapita na gunia akizikusanya.

Kijana mmoja aliuliza kwa adabu, "Mzee, na kesho?"

"Kesho nini? Nyinyi miguu yenu imezoea."

Wiki ile ile kijana huyo huyo alikanyaga msumari uliokuwa umesimama katika mbao iliyong'olewa kwenye zege. Uliingia mpaka katikati ya unyayo. Sindano ya pepopunda aliilipia mwenyewe, na siku nne alizolala nyumbani hazikulipwa. Sababu iliyoandikwa katika daftari ni kwamba hakuangalia anapokanyaga.

Neno hilo "mmezoea" tunaomba wenzetu wote walitazame vizuri. Wanalichukua lile tulilolipenda utotoni na kutugeuzia kuwa sababu ya kutotupa kitu. Ni neno la zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza walichukua wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka nchi za Afrika Mashariki kubeba mizigo ya jeshi. Wengi walitembea peku, na waliosalimika na risasi walikutana na kuhara, malaria na funza, ambaye wengine humwita tekenya. Funza mwenyewe alikuwa mgeni: alitoka Amerika, akafika Angola kwa meli mwaka 1872, akavuka bara zima hadi pwani yetu kwa nyayo za wapagazi katika miaka kama ishirini na mitano tu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Wakubwa wa wakati ule nao walisema Mwafrika amezoea.

Je, ni kweli ngozi huzoea? Unyayo huota sugu, hilo hatukatai. Lakini sugu haizuii msumari, wala haizuii saruji. Zege bichi lina ukali unaochoma polepole: asubuhi husikii kitu, jioni unakuta ngozi ya katikati ya vidole imelainika na kuvuka, na usiku hulali. Na bati je? Mafundi wa paa hupanda bila viatu kwa sababu ndala huteleza. Mwezi wa Machi 2024 serikali ilifunga shule za nchi nzima kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi kuanguka kwa joto hapa Juba. Ilikuwa haki kabisa kuwaokoa watoto. Ila wale waliokuwa juu ya mabati saa saba mchana hakuna aliyewaambia washuke. Tulikuwa tukimwaga maji juu ya bati ili tupate pa kukanyaga, na maji yalikauka kabla hatujapiga msumari wa pili.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni minyoo ya safura. Mtu akijisaidia ovyo, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vimelea hupenya ngozi ya mguu mtupu. Huingia katika damu, hufika mapafuni, hukoholewa na kumezwa, na mwishowe hujishikiza tumboni vikinyonya damu kila siku. Njia hiyo ya ngozini iligunduliwa na Mjerumani Arthur Looss huko Misri, kwenye mto wetu huu huu, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya maji yenye vimelea hivyo kumwagikia mkono wake. Kabla yake, mwaka 1880, wachimbaji wa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi, walikuwa wakidhoofika na kufa kwa kupungukiwa damu, ikaonekana ni minyoo hiyo. Na mwaka 1902, ilipotangazwa kwamba imeenea kusini mwa Marekani, magazeti ya huko yaliiita kijidudu cha uvivu. Wakulima maskini na watoto wa viwanda vya pamba walikuwa wameitwa wavivu miaka mingi, kumbe damu yao ilikuwa inanywewa. Nasi tukisimama kidogo kuvuta pumzi, twaitwa nini?

Ninyi wenzetu wa mashamba mnayajua haya kuliko sisi. Kisiki cha muwa kilichokatwa mshazari ni mkuki uliosimama. Nyoka naye huuma zaidi mguuni. Na huko kwenye milima ya udongo mwekundu wa volkeno, Ethiopia na Uganda pia, kuna matende yasiyoletwa na mbu. Daktari Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kwamba chembe za udongo wenyewe ndizo zinazovimbisha miguu ya mkulima aliyekwenda peku miaka mingi. Viatu, maji na sabuni vyatosha kuzuia ugonjwa huo.

Kuna anayetuambia habari za Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za marathoni za Roma mwaka 1960 bila viatu. Twamheshimu sana. Lakini tumkumbushe msemaji kwamba miaka minne baadaye, huko Tokyo, Bikila alikimbia na viatu, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi. Mtu yule alichagua.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inamtaka tajiri ahakikishe usalama mahali pa kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini inataja viatu waziwazi miongoni mwa vifaa ambavyo mwajiri hutakiwa kutoa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Sudan Kusini iliingia katika shirika hilo mwaka 2012, na Juni 2022 mkutano mkuu wa Geneva uliweka mahali pa kazi salama na penye afya miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama hupaswa kuziheshimu. Kwa hiyo tajiri anayetoa gambuti na kukata bei yake katika mshahara hajatoa kitu, amefungua duka.

Tatizo linalotusumbua bado ni la mama zetu wanaovunja mawe kwa nyundo chini ya Jebel Kujur. Wanakaa chini na miguu mitupu mbele ya jiwe, na vipande vinarukia miguuni na machoni. Tajiri wao ni nani? Lori huja, hununua changarawe, huondoka. Hakuna daftari, hakuna nyapara wa kumlalamikia. Sisi tunaona kampuni inayomimina changarawe hiyo katika msingi wa jengo lake inahusika, lakini tunakiri kwamba hatujapata njia ya kuibana. Mwenzetu mwenye wazo na alete katika kamati.

Wakati tukingoja, kamati ya tawi imeanza kazi moja ndogo. Kila tulipodai viatu, ofisi ilituambia haijui namba zetu, na wengi wetu kweli hatuzijui, maana mguu uliokulia peku hupanuka mbele ukakataa vipimo vya dukani. Kwa hiyo tunachukua mifuko mitupu ya saruji, tunaipasua, kila mtu anasimama juu ya karatasi na mwenzake anauchora mguu kwa mkaa, kisha jina linaandikwa nyuma. Mpaka Jumamosi iliyopita tulikuwa na michoro arobaini na mmoja. Tuliipeleka kwa fundi viatu wa Konyo Konyo atusaidie kusoma namba. Alipofika kwenye mchoro wa mzee wetu anayechota mchanga mtoni, aliugeuza mara mbili akauliza kama ni mguu au ni kasia. Tukamwambia ni mguu, aandike namba.