Thuram: Mabao mawili na hoja isiyokwisha Ufaransa

BEKI Lilian Thuram aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 142 kati ya mwaka 1994 na 2008, na katika mechi zote hizo alifunga mabao mawili tu. Yote aliyafunga usiku mmoja, Julai 8, 1998, katika uwanja wa Stade de France, Ufaransa ilipoifunga Croatia 2-1 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Usiku huo ulianza vibaya kwake. Mwanzoni mwa kipindi cha pili alichelewa kupanda pamoja na mabeki wenzake, Davor Suker akawa hajaotea, na Croatia ikapata bao. Dakika moja baadaye Thuram alimnyang'anya mpira Zvonimir Boban, akapeana pasi na Youri Djorkaeff na kusawazisha. Dakika ya 70 alifunga la pili kwa mguu wa kushoto, kisha akapiga magoti, kidole mdomoni, kama mtu anayejiuliza limetokeaje.

Siku nne baadaye Ufaransa iliichapa Brazil 3-0 na kutwaa Kombe. Magazeti na wanasiasa wa Paris wakaisifu nchi ya "weusi, weupe na Waarabu": Zinedine Zidane, mtoto wa wahamiaji kutoka Algeria, Marcel Desailly, mzaliwa wa Ghana, na Thuram, aliyezaliwa Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, mwaka 1972. Ilionekana kana kwamba Jean-Marie Le Pen, aliyekuwa amelalamika mwaka 1996 kuwa timu hiyo imejazwa wageni, amekwisha kujibiwa. Miaka minne tu baadaye, Le Pen aliingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais.

Thuram mwenyewe hakuipokea sifa hiyo kwa pupa. Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo hakuwahi kuwa mgeni katika nchi hiyo. Lakini alipohamia karibu na Paris akiwa na umri wa miaka tisa, wanafunzi wenzake walimwita kwa jina la ng'ombe mweusi wa katuni ya televisheni. Amekuwa akieleza mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoanza kuwa "mweusi".

Ghasia zilipozuka katika vitongoji mwaka 2005, baada ya vijana wawili kufa huko Clichy-sous-Bois, Waziri wa Mambo ya Ndani, Nicolas Sarkozy, alikuwa ametumia neno la kuwaita baadhi ya vijana wahuni. Thuram, akiwa bado mchezaji, alimjibu hadharani kwamba naye alikulia huko huko. Septemba 2006, miezi miwili baada ya kushindwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Berlin, yeye na Patrick Vieira waliwaalika uwanjani wahamiaji wasio na vibali waliofukuzwa katika jengo moja la Cachan. Mchezaji nyota kufanya hivyo akiwa angali katika kikosi si jambo dogo.

Mwaka 2008 madaktari waligundua kasoro katika moyo wake, akaacha soka. Mwaka huo huo alianzisha taasisi ya kupambana na ubaguzi kwa njia ya elimu, na baadaye akaandika vitabu.

Hata hivyo, asichukuliwe kuwa mtetezi wa kila mchezaji mweusi. Wachezaji walipogoma kufanya mazoezi Afrika Kusini mwaka 2010, alitaka nahodha Patrice Evra asivae tena jezi ya taifa. Mwaka uliofuata alimkosoa pia kocha Laurent Blanc, mwenzake wa 1998, kuhusu mazungumzo ya kupunguza vijana wenye uraia wa nchi mbili katika vituo vya mafunzo. Uchunguzi wa serikali ulimsafisha Blanc, naye Zidane akamtetea. Urafiki wa timu ile ya mabingwa ukaingia ufa. Mwaka 2019, kauli yake kuhusu fikra za ubora miongoni mwa weupe ilikosolewa hata na mashirika ya Ufaransa yanayopinga ubaguzi.

Rekodi yake ya mechi 142 ilivukwa na kipa Hugo Lloris nchini Qatar, Desemba 2022. Katika fainali za mwaka huo alikuwapo Marcus Thuram, mwanawe, aliyepewa jina la Marcus Garvey. Mdogo wake Khéphren aliitwa timu ya taifa mwaka 2023.

Juni 2024, kabla ya mechi ya kwanza ya Ufaransa katika Kombe la Ulaya huko Ujerumani, Marcus aliwaambia waandishi wa habari kuwa ni lazima kupigana ili chama cha National Rally, kilichoasisiwa na Le Pen, kisishinde uchaguzi wa bunge. Shirikisho la soka la Ufaransa lilitoa taarifa likiomba timu isitumiwe kisiasa.