Ziwa Letu, Programu Yao na Meli ya Salale

Ipo programu ya kompyuta iliyopewa jina la ziwa la Tanzania, na katika miaka yangu ya kufundisha chuo kikuu nimekutana na Watanzania wachache mno wanaoijua. Jina lake ni Natron. Kazi yake ni kupachanisha picha, yaani kuchukua picha zilizopigwa mahali na nyakati mbalimbali na kuziunganisha ziwe picha moja ambayo jicho la mtazamaji litaikubali kuwa ni tukio moja. Mwigizaji aliyesimama mbele ya kitambaa cha kijani Sinza huonekana yuko juu ya sitaha ya manowari. Moshi wa majani makavu uliopigwa picha uani huonekana unatoka kwenye bomba la manowari hiyo. Natron ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuipakua, kuitumia katika biashara, kuufungua msimbo wake, kuubadilisha na kuugawa upya kwa masharti ya leseni yake, bila kumlipa mtu hata senti.

Kilichonisukuma kuandika juu ya jambo hili ni mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Salale, katika delta ya Mto Rufiji wilayani Kibiti. Kwa anayeijua nchi hii kwa barabara ya lami tu, Salale ni mahali pa kusikia. Huko barabara ni maji, na saa ya safari hupangwa na kujaa na kupwa kwa bahari. Pande zote ni mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki.

Ndani ya msitu huo, mwaka 1914, ilijificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, yenye urefu wa mita 115. Ilikuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha mitambo yake ikaharibika, ikarudi deltani na kutia nanga karibu na Salale. Vipande vya mitambo hiyo vilikokotwa na wenyeji kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Waingereza waliiziba milango ya mto, wakaitwaa Mafia, wakaleta ndege za kuwaelekeza wapiga mizinga mahali pa kulenga. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya shambulio la pili katika juma moja, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe. Mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana vita vya nchi kavu. Leo mmoja uko Pretoria na mwingine uko Mombasa. Mwili wa meli ulikatwakatwa kuwa chuma chakavu kwa miaka mingi, na kilichosalia kikamezwa na tope katika miaka ya 1960. Anayekwenda Salale leo akiitafuta meli ataona maji na mikoko.

Mwaka 1968 Wilbur Smith alitoa riwaya ambayo mbegu yake ni kisa hicho, na mwaka 1976 ikatoka filamu yake, Shout at the Devil, ikiwa na waigizaji wakubwa wa siku hizo, Lee Marvin na Roger Moore. Filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini, wakati huo ikiwa chini ya makaburu, na katika kisiwa cha Malta. Niliionyesha darasani. Taa zilipowashwa, kijana wa Salale alinyoosha mkono akauliza: "Dokta, kwa nini Salale ilikwenda kupigwa picha Afrika Kusini?"

Darasa lilicheka. Mimi nilitoa jibu la kawaida: mitaji, bima, studio, siasa za wakati ule. Jibu lilikuwa sahihi na halikumridhisha, wala mimi halikuniridhisha.

Kazi yake ya kuhitimu ikawa ni filamu fupi juu ya meli hiyo, ikitazamwa kutoka upande wa waliokokota mitambo. Alipiga picha za mto kwa kamera ya kuazima, akaijenga meli ndani ya kompyuta, akazipachanisha kwa programu moja ya kibiashara aliyoipata kwa rafiki, ndani ya fleshi, ikiwa imevunjwa kufuli. Programu za daraja hilo, kama Nuke inayotumiwa na studio kubwa za filamu, hulipiwa maelfu ya dola kwa mwaka kwa kompyuta moja tu. Filamu ilipendeza. Shirika moja liliiona, likataka kumpa kazi ya kutengeneza picha za elimu kwa umma, nalo likaomba jambo dogo: nakala ya leseni ya programu anayoitumia. Hakuwa nayo. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Aliponijia ofisini hakulalamika. Alisema tu, "Dokta, ningejua mapema." Kauli hiyo ilinichoma, kwa sababu mimi nilijua mapema. Programu ile niliiona kwenye kompyuta yake tangu muhula wa kwanza, na ndugu yake ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Tunawafundisha vijana hawa habari zake, tunawatungia maswali ya mtihani juu yake, tunawalaumu wanaouza filamu za Bongo kwa kuzirudufu mitaani, kisha maswali hayo ya mtihani tunayachapa kwa programu za wizi. Sijui tunawaita nini watu wa namna hiyo katika taaluma nyingine.

Sasa nirudi kwenye Natron, kwa maana historia yake ina somo kwa watumishi wa umma. Haikutengenezwa na tajiri. Mwaka 2013 kijana wa Kifaransa, Alexandre Gauthier, alishinda shindano la INRIA, taasisi ya utafiti ya serikali ya Ufaransa. Zawadi haikuwa cheti na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Ilikuwa ni ajira ya miezi 12 ya kuandika programu aliyoipendekeza. Akisaidiwa na mtafiti wa taasisi hiyo, Frédéric Devernay, alitoa toleo la kwanza kwa umma mwaka 2014. Jina alilichukua kwetu, kwa ziwa lile la magadi lililo chini ya Ol Doinyo Lengai, ambalo maji yake huhifadhi mizoga ya ndege na wanyama hadi ikafanana na sanamu. Kwake yeye hiyo ilikuwa ni kazi ya maajabu ya picha iliyofanywa na maumbile yenyewe. (Sisi ziwa hilo tumezoea kulijadili kwa mambo mawili tu, heroe wanaozaliana humo na magadi yanayotamaniwa na wawekezaji.)

Ajira ya mwaka mmoja kwa kijana mmoja. Naomba wahusika wa bajeti zetu za utafiti wakae kidogo na hesabu hiyo.

Wapo watakaoniambia kwamba cha bure hakina thamani, au kwamba hakiwezi kushindana. Machi 2025 tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni ilikwenda kwa Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Ilitengenezwa kwa Blender, programu huria ambayo ndani yake umo pia uwezo wa kupachanisha picha. Blender yenyewe iliwahi kukaribia kufa: mwaka 2002 watumiaji wake walichanga euro 100,000 kwa majuma saba ili kuikomboa kutoka kwa waliokuwa wakiimiliki, ikawa mali ya wote. Kisa cha Flow ni paka anayehangaika katika mafuriko. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, mwaka uleule ambao, mwezi Aprili, maji ya Rufiji yaliingia majumbani na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mafuriko tunayo. Visa tunavyo.

Hata hivyo nisingependa kuwadanganya wanafunzi wangu kwamba kupakua kunatosha. Programu ya bure hailipi umeme. Bando la kuipakulia hununuliwa, na kompyuta ya kuiendesha kazi nzito ya picha ni ghali kwa mtoto wa mvuvi wa kamba. Nimemwona kijana huyu akiiacha mashine ikichakata sekunde sita za picha usiku kucha, kisha umeme ukakatika saa kumi alfajiri. Nani alaumiwe hapo? Pia kuna kazi ya kujifunza. Natron hufanya kazi kwa nodi, vijisanduku vinavyounganishwa kwa mistari, kila kimoja na shughuli yake, hiki kinaondoa kijani, kile kinarekebisha rangi, kingine kinaleta moshi. Mwanzoni humchanganya mtu. Nilipata kumweleza bibi mmoja wa Kibiti jambo hilo kwa mfano wa mkeka: kila ukili husukwa peke yake, ndipo huunganishwa kwa kushonwa, na ukili mmoja ukiharibika hufumuliwa huo bila kuutupa mkeka mzima. Alinielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo washabiki wa programu huria hulisema kwa sauti ya chini. Natron imedhoofika. Ufadhili uliisha, waandishi wake wa mwanzo wakaenda kwenye kazi nyingine, na kwa miaka kadhaa sasa imekuwa mikononi mwa watu wachache wanaojitolea. Matoleo mapya huja kwa kuchelewa. Programu huria ina masharti magumu kuliko ya duka: haikudai fedha, lakini wasipopatikana watu wa kuitunza hufa, na wa kwanza kuumia ni wale wasioweza kununua nyingine. Hapa ndipo nionapo aibu yetu. Tunavyo vyuo vikuu vyenye idara za kompyuta, na kila mwaka mamia ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika miradi ambayo huwekwa kabatini ikaliwa na vumbi: mfumo wa maktaba, mfumo wa mahudhurio, mfumo mwingine wa maktaba. Kwa nini wanne kati yao wasipewe kurekebisha kasoro moja ya Natron, kazi ambayo itaonekana na dunia na kubaki na majina yao? Kwa nini vyuo vya sanaa, Bagamoyo ikiwa miongoni mwao, visiwe na mwongozo wake wa Kiswahili?

Wala si jambo lisilowahi kujaribiwa. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Watu walikaa wakabishana juu ya istilahi, wakakubaliana, wakaikamilisha. Nawauliza wanafunzi wangu leo kama wamewahi kuisikia. Hakuna mkono unaonyooka. Kwa maoni yangu mradi ule haukushindwa kwa ubovu wa kazi. Tuliuhesabu kuwa ni mradi, wenye mwanzo na mwisho na ripoti kwa mfadhili, ilhali programu ni kama shamba la mpunga, ukiliacha msimu mmoja magugu hulichukua.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watasema kwamba sera ndiyo kikwazo. Sikatai. Lakini zabuni ya kununulia leseni huandikwa na mtu, na mtu huyo anaweza kuongeza sentensi moja ya kuuliza kama ipo programu huria inayofanya kazi hiyo kabla ya fedha kwenda ng'ambo. Fedha ikiokolewa, itoke ajira ya miezi 12 kwa kijana mmoja. Sina ombi kubwa kuliko hilo.

Mimi programu ya wizi niliiondoa kwenye kompyuta yangu Januari. Kijana wa Salale alikwishaiondoa ya kwake kabla yangu, na sasa anaitengeneza filamu yake upya kwa Natron na Blender, kuanzia tone la kwanza la maji. Likizo iliyopita nilifuatana naye deltani kumshikia mwavuli wa kamera. Tulikuwa ndani ya mtumbwi, na mtumbwi hautulii. Ili meli ya kompyuta ikae mahali pake katika picha inayoyumba, programu hutafuta alama zisizosogea na kuifunga meli hapo. Maji hayana alama. Akachagua mashina ya mikoko. Ikatubidi tupige picha ya pili baada ya chakula, na tulipozitazama zote mbili usiku tukagundua kwamba bahari ilikwishakupwa: katika picha ya kwanza mizizi imezama, katika ya pili imesimama juu ya tope. Hakuna nodi ya kuficha hilo, au kama ipo, hatuijui. Amehesabu siku za bamvua, na mwezi ujao tutarudi Salale kupiga picha zote mbili katika saa moja ya maji.