Nyumba Njema Si Mlango: Fundi wa Tovuti Apimwe kwa Lipi?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuketi katika jopo la usaili la taasisi moja ya umma. Ilikuwa ikitafuta mtengenezaji wa tovuti wa ngazi ya kati, yaani mtu wa kushughulikia upande ule ambao mwananchi anauona na kuugusa: kurasa, fomu na vitufe. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nafundisha utawala wa umma. Niliitwa ili niwe sauti ya mtumiaji. Leo nakiri kwamba kazi hiyo sikuifanya.

Tangazo la kazi lilikuwa na orodha ndefu ya zana: React, Angular, Vue na ndugu zake. Msailiwa mmoja aliyataja majina yote bila kusita. Mwingine, binti mtulivu, alisema anaijua vyema moja tu kati ya hizo, kisha akatuuliza: "Waheshimiwa, fomu hii itajazwa na nani, na kwa simu ya namna gani?" Tuliliona swali lake kuwa ni njia ya kukwepa maswali yetu. Kazi akapewa yule wa kwanza, nami nilikuwa miongoni mwa waliompa alama za juu.

Tovuti ilipozinduliwa ilipendeza macho. Wiki chache baadaye mwanafunzi wangu mmoja asiyeona alikuja ofisini kuomba nimjazie fomu ya maombi. Kijana huyu hutumia simu yake kila siku kwa msaada wa programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Katika tovuti ile, programu hiyo ilinyamaza kila ilipofika kwenye kitufe, kwa sababu vitufe vilikuwa picha zisizopewa majina. Nikamjazia. Ikambidi anitajie nywila yake na habari za nyumbani kwao, mambo ambayo hakuna raia anayepaswa kumsimulia mhadhiri wake ili apate huduma ya umma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasumbua wenzangu wa kompyuta kwa swali moja: ngazi ya kati maana yake nini? Jibu lao nimeliafiki. Anayeanza huelezwa la kufanya na namna ya kulifanya. Wa ngazi ya kati huelezwa tatizo, akatafuta njia mwenyewe, na akajua ni wakati gani aombe msaada. Aliyebobea huamua njia itakayofuatwa na wengine. Kinachowatofautisha ni uwezo wa kuamua, na orodha yetu haikuupima uwezo huo hata kidogo.

Stadi ya kwanza, basi, ni misingi: HTML, CSS na JavaScript. Zana huja na kupita. AngularJS ya Google ilitoka mwaka 2010, vijana wengi wakaikesha, na msaada wake rasmi ukakoma mwishoni mwa mwaka 2021. JavaScript ya mwaka 1995 ingali ipo, na HTML ni kongwe kuliko hiyo. Kitufe kikiandikwa kwa alama ya HTML iliyowekwa kwa ajili ya vitufe na kupewa maneno yake, asiyeona hukisikia bila gharama yoyote ya ziada. Mwenye misingi akiijua zana moja kwa kina, ya pili atajifunza akiwa kazini.

Ya pili ni kumjua mtumiaji. Fundi aijaribu kazi yake kwa simu ya bei nafuu, kwenye mtandao unaosuasua, akikumbuka kwamba kila picha nzito inakula bando la mtu. Ajue pia miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zifikiwe na wote, ambayo ipo tangu mwaka 1999. Kwetu Tanzania hili si hisani. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe.

Ya tatu ni kufanya kazi na watu, na kujua mipaka. Fundi aweze kusoma msimbo ulioandikwa na mwingine, kuujaribu na kuurekebisha bila kuharibu vya wenzake. Ajue kwamba ukaguzi unaofanyika kwenye simu ya mtumiaji haulindi mfumo, na kwamba seva lazima ikague upya. Tena aweze kumweleza mkuu wake, kwa heshima na kwa hoja, kwa nini pambo fulani litawafungia wananchi nje.

Maofisa utumishi wananiambia kwamba wanapopokea mamia ya barua wanahitaji chekecheo, na orodha ya zana ndiyo iliyo karibu. Nawaelewa. Lakini chekecheo hilo linapitisha makapi na kuzuia nafaka, nao wahitimu wetu, wakiliona, wanakimbilia kukusanya majina ya kuandika kwenye wasifu. Wanaobaki kwenye mchujo wa mwisho wapewe fomu mbovu, simu ya kawaida na saa moja. Kisha waulizwe wamerekebisha nini na kwa nini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tovuti isiyotumika.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ni kweli, ila asiyeweza kuufungua mlango hatajua kamwe kama nyumba ni njema. Tangazo lijalo litakapoandikwa, swali la yule binti lisomwe kwanza: itajazwa na nani, na kwa simu ya namna gani?