Uzee usisingiziwe madhara ya dawa

Mkongwe wa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, anapolalamikia maumivu ya kisigino, wengi humjibu kwamba ni uzee tu. Lakini ikiwa siku chache awali alinunua siprofloksasini kutibu homa ya matumbo, jibu hilo laweza kumlemaza.

Mnamo Julai 2008, Marekani iliagiza watengenezaji wa dawa za kundi hilo kuonya kwamba zinaweza kuvimbisha na hata kukata kano, hasa kwa waliozidi umri wa miaka 60 na wanaotumia steroidi. Mwaka wa 2018 tahadhari nyingine ilitolewa: dawa hizo zaweza kushusha sukari mwilini kupita kiasi, hususan kwa wazee wanaotumia dawa za kisukari.

Kotrimoksazoli, maarufu kama Septrin, nayo imetumiwa kwa miaka mingi na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika kaunti hiyo, mojawapo ya zilizoathirika zaidi nchini. Ikichanganywa na dawa za shinikizo la damu kama enalapril, yaweza kuongeza potasiamu kwenye damu na kuhatarisha moyo.

Chanzo si dawa pekee. Figo za mzee hupungua nguvu, hivyo dawa hukawia mwilini. Isitoshe, mzee hupata tembe za presha katika kliniki moja, za kisukari katika nyingine, na antibiotiki dukani bila cheti cha daktari. Hakuna anayeziona zote kwa pamoja.

Kenya haikosi utaratibu wa kufuatilia madhara hayo. Bodi ya Dawa na Sumu ina fomu ya manjano ya kuyaripoti, na mwaka wa 2010 taifa lilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa. Hata hivyo, fomu haijazwi pasipo kushuku. Kila anguko likihesabiwa kuwa la uzee, dawa huendelea kumezwa na takwimu hubaki pungufu.

Hii si hoja ya kuzikimbia antibiotiki, kwani nimonia isiyotibiwa huua wazee. Ila mzee afikapo zahanati au dukani, abebe dawa zake zote, naye mhudumu aulize kwanza: "Unameza nini kingine?" Na maumivu ya kano, kizunguzungu au malengelenge yakizuka, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.