Kukokotoa pamoja si kuibia
Mwandishi anayetaka makundi ya wanafunzi wanaojadili mitihani iliyopita ya Fizikia na Hisabati yapigwe marufuku, eti yanalea wanakili, amewalaumu wasiohusika. Mnakili hunakili hata akiwa peke yake, kwani vitabu vya majibu vinauzwa madukani.

Kuona faida ya kundi, chukua swali la jiwe lililorushwa juu wima. Kileleni mwendokasi ni sifuri, na wengi huandika kwamba mchapuko nao ni sifuri. Anayejisomea peke yake anaweza kulibeba kosa hilo hadi chumba cha mtihani. Kwenye kundi, mwenzake atamuuliza: kama mchapuko ni sifuri, jiwe litashukaje? Hapo atalitetea jibu lake, atakwama, kisha ataona kwamba ile 9.8 ya mchapuko wa mvutano wa dunia haikuondoka hata kidogo. Ilikuwa ikivuta chini muda wote. Huko ndiko kuelewa!

Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza mwaka 1991 kuwaacha wanafunzi wake wa fizikia wabishane darasani juu ya maswali ya namna hii. Sisi, wenye shule nyingi za kata zinazolia uhaba wa walimu wa sayansi, ndio tuwakataze watoto wetu kufundishana?