Kicheko Nilichokifuta

Ni desturi yetu, wanafunzi wa fasihi simulizi, kurejea kutoka nyanjani na kanda, tukanakili maneno na kuacha kicheko. Nami nilikosea hivyo. Huko Kimilili, mzee mmoja mpiga litungu, kinubi cha nyuzi saba cha Wabukusu, aliniimbia wimbo wa sifa akiiga kwa makusudi sauti ya mwalimu wa kwaya: ulimi wa Kizungu, noti za juu zikivunjika. Waliokuwapo walicheka hadi machozi yakawatoka. Nikamwomba aurudie bila mzaha. Huo ndio uliomo katika tasnifu yangu. Ule wa kwanza niliufuta nipate nafasi ya mahojiano. Mzee hayupo tena.

Mwaka 1787 Mozart alitunga kazi nzima yenye makosa ya kusudi, akiwabeza watunzi wasioijua kazi yao. Nani angethubutu kuisahihisha? Katika sahani ya Peter Schickele ya 1965, iliyorekodiwa ukumbini New York, vicheko vya hadhira vimeachwa, kwani mzaha hukamilika kwa msikilizaji. Sisi, wenye istilahi tele za kejeli na tashtiti, tunaviita kelele! Wasimamizi wa tasnifu na wadai ukanda mzima, pamoja na kikohozi.