Utulivu wa Mtaa na Uthabiti wa Hati: Ununuzi wa Nyumba Mjini Kamina

Kamina, mji ambamo reli za kutoka Lubumbashi, Ilebo na Kabalo hukutana, ulifanywa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa kuwa majimbo manne, na tangu hapo swali la nani anaishi wapi na kwa haki gani limekuwa swali la umma. Gavana, wabunge wa jimbo, wakuu wa idara na watumishi wao wanahitaji makazi, wafanyabiashara wanaoifuata serikali wanayahitaji pia, na wengi wao hutafuta kitu kimoja: nyumba ya matofali ya kuchoma katika mtaa mtulivu, wenye miembe na ua wa kutosha, mbali na stesheni, mbali na nganda, yaani baa zinazopiga muziki mpaka usiku wa manane, mbali na mashine za kusaga na vipaza sauti vya mikesha ya maombi, lakini si mbali mno na soko wala shule. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utulivu huo hauna msingi pasipo hati iliyo thabiti, na kwamba sheria ya Kongo, kwa kuupa ushahidi wa majirani nafasi ndogo ya kisheria, imeiweka hati hiyo mbali na watu wanaoihitaji zaidi.

Mazoea ya kununua nyumba mjini hapa si ya kale. Mji ulikuzwa na kampuni ya reli ya BCK, iliyoundwa mwaka 1906 na kuifikisha njia yake Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, mwaka 1928. Tawi la kutoka Kamina kwenda Kabalo lilifunguliwa mwaka 1956. Mfanyakazi wa reli alikaa katika nyumba ya kampuni kwa sababu ya kazi yake, na aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Katika vitongoji vya Waafrika wa miji ya kikoloni, mkaaji alipewa kijitabu cha mwenye makazi, kwa Kifaransa livret de logeur, kilichothibitisha kwamba anaruhusiwa kuishi mahali fulani bila kumfanya mmiliki wa chochote, na ni agizo la mwaka 1953 tu lililowafungulia Wakongo mlango wa umiliki binafsi wa nyumba na ardhi. Kwa hiyo vizazi viwili hivi vya watu wa Kamina vimejifunza kuuza na kununua huku ofisi za kusajili mauzo zikiwa mbali na maisha yao, na wakajitengenezea njia zao.

Sheria yenyewe iko wazi kwa namna inayowashangaza wanunuzi wengi. Baada ya sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, iliyorudisha ardhi mikononi mwa taifa, sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake, mali isiyohamishwa kwa mwingine wala kupotea kwa kupita kwa muda. Anayeitwa mwenye kiwanja ni mtu aliyepewa na Dola haki ya kukitumia, ambayo kwa raia wa Kongo inaweza kuwa ya kudumu na kwa wengine huwa ya muda maalumu unaoweza kurefushwa. Haki hiyo huthibitishwa na waraka mmoja tu, cheti cha usajili kinachoitwa certificat d'enregistrement, ambacho hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Kabla yake hutangulia mkataba wa kupanga ardhi ya Dola, usiozidi miaka 3, ambao humtaka mpangaji akiendeleze kiwanja. Cheti kikishatimiza miaka 2 bila kupingwa mahakamani, hakitikiswi tena kwa urahisi. Anayenunua nyumba bila jina lake kuandikwa katika cheti hicho amenunua ahadi ya muuzaji, hata kama amekwisha kuhamia, amezipaka kuta rangi na kupanda migomba uani.

Mauzo mengi ya lupango, kama kiwanja chenye ua na nyumba kinavyoitwa katika Kiswahili cha Katanga, hufuata njia nyingine. Dalali humpeleka mnunuzi kwa muuzaji, bei hujadiliwa mbele ya mashahidi, fedha huhesabiwa, hati ya mauzo huandikwa na kutiwa sahihi, kisha mkuu wa kartiye, yaani mtaa, au ofisi ya komini hutoa fiche parcellaire, karatasi inayotaja kiwanja na anayekikalia. Karatasi hiyo ni ya kiutawala na haimpi mtu haki ya kudumu, lakini nyuma yake kuna jambo lenye uzito mkubwa, nalo ni ujuzi wa majirani. Wao wanajua nani alijenga, mpaka ulipitia wapi kabla ukuta haujajengwa, mke wa kwanza alikuwa nani, watoto ni wangapi na yupi kati yao alikwenda Kolwezi akanyamaza. Hakuna faili la serikali lenye habari hizo kwa ukamilifu kama huo. Udhaifu wa njia hii nao ni dhahiri: mkuu wa kartiye hubadilishwa, mashahidi hufa, na karatasi isiyoandikwa katika daftari moja linaloaminika inaweza kutolewa mara mbili kwa watu wawili kuhusu kiwanja kilekile.

Hatari hiyo huongezeka katika mtaa unaovutia kwa ukimya wake. Ukimya huo, pale usipotokana na mpango wa mji, mara nyingi ni ishara kwamba nyumba ni za zamani, wajenzi wake wamezeeka au wamefariki, na watoto wametawanyika Lubumbashi, Likasi au Kinshasa. Mnunuzi anayeona utulivu anaona, bila kujua, mirathi ambayo haijagawanywa. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya mali; humpa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi na marehemu; na huhitaji ridhaa ya wanandoa wote wawili ili haki ya ardhi ihamishwe, mfumo wa mali ya ndoa uwe wowote. Hata hivyo, mtoto mmoja aliyebaki nyumbani, au baba mdogo aliyejitwalia usemaji wa ukoo, huweza kuiuza nyumba peke yake, na mnunuzi huamini kwa kuwa muuzaji ndiye aliyemfungulia lango. Miaka ikipita, dada wa muuzaji anarudi na madai yake, naye yuko sahihi. Katika kesi ya namna hiyo hapatikani mwovu mmoja wa kulaumiwa: mnunuzi alilipa fedha halali, dada hakuulizwa, na mama mzee, mjane ambaye haki yake ni ya wazi kuliko zote, ndiye hutolewa kwanza nje na mizigo yake. Sera ya makazi isiyoanza na mama huyo haistahili kuitwa sera.

Pembezoni mwa mji, ambako mitaa mipya inapimwa kwa kamba na vigingi, tatizo lina sura nyingine. Huko machifu wa kimila huwagawia watu ardhi ambayo jamii zao zimeikalia tangu zamani, ilhali sheria ya 1973 iliifanya ardhi hiyo nayo kuwa ya Dola na kuahidi kwamba haki za jamii hizo zingepangwa na agizo la rais. Agizo hilo halikutoka. Kwa zaidi ya nusu karne chifu ameuza kwa mamlaka ambayo sheria haiyatambui wala haijayafuta kwa vitendo, na anayemlipa chifu leo anaweza kutakiwa kulipa tena ofisini kesho.

Mifano ya jirani inaonyesha kwamba pengo kati ya mtaa na daftari linaweza kuzibwa. Rwanda, kati ya mwaka 2009 na 2013, ilisajili viwanja zaidi ya milioni 10 kwa gharama isiyofika dola 10 kwa kimoja, kwa kutumia picha za angani na vijana wa eneo husika waliofunzwa kuonyesha mipaka mbele ya majirani, na jina la mke wa ndoa likaandikwa pamoja na la mume. Tanzania ilichagua njia nyepesi zaidi: kuanzia mwaka 2004 wakazi wa mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam walipewa leseni za makazi, yaani vibali vya muda chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Majengo zaidi ya 200,000 yalitambuliwa, lakini wenye nyumba wengi hawakwenda kuchukua leseni zao, kwa kuwa kibali cha miaka michache hakikuwapa uhakika wa kutosha. Funzo la Dar es Salaam kwa Kamina ni kwamba waraka dhaifu haumvuti mtu ofisini. La Rwanda ni kwamba waraka kamili unaweza kuwa wa bei nafuu ikiwa daftari ndilo litakalokwenda mtaani.

Wapo wanaopinga, na hofu yao ina msingi. Usajili wa jumla unaweza kupandisha bei na kuwasukuma nje wanyonge. Unaweza pia kuwapa wenye cheo nafasi ya kuandikisha viwanja vya wengine kabla wenyewe hawajajua. Lakini hatari hizo mbili tayari zipo, na hustawi gizani: mwenye cheo hahitaji usajili wa wazi ili kujipatia cheti, ilhali mjane asiye na karatasi hana cha kumwonyesha hakimu. Jibu la hofu hiyo ni kusajili hadharani, mtaa kwa mtaa, orodha ikibandikwa ofisi ya kartiye na kusomwa kwa Kiswahili na Kiluba, pingamizi zikisikilizwa papo hapo, na nyumba ya marehemu isiandikwe mpaka warithi wote watajwe. Tume ya taifa ya marekebisho ya ardhi, CONAREF, iliundwa mwaka 2013. Mji wa kiasi cha Kamina, ambao bado haujavimba kama Lubumbashi, ungefaa kabisa kuwa mahali pa tume hiyo kuanzia, na vijana wa Chuo Kikuu cha Kamina wangeweza kufundishwa kazi hiyo.

Mpaka hapo, anayetaka kuishi kwa amani katika mtaa mtulivu wa Kamina asitoe fedha kabla ya kuuliza kwa mhifadhi wa hati ni jina la nani limeandikwa, kabla ya kuketi na majirani wa pande zote za kiwanja, na kabla ya kupata sahihi ya mume na mke, au ya kila mrithi ikiwa mwenye nyumba amefariki. Nao viongozi wa jimbo, ambao wengi wao ni wapangaji na wanunuzi katika mitaa hiyohiyo, waanze kusajili sasa, wakati wazee wanaojua mipaka bado wako hai.